Agripina Manzano, Jina Lako Liliitwa

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya baridi ulipotutoka, ukungu ukiwa umelala juu ya paa la kanisa na mahindi yako yakiwa kwenye sufuria, yameloweshwa kwa chokaa tayari kwa kusagwa. Ulikuwa umeyalowesha mwenyewe jioni, unakohoa, unatufukuza jikoni tulipotaka kukusaidia. Tuliyasaga sisi na kuwalisha watu waliokuja kukulilia. Tulijua ungefoka sana kusikia mahindi yameharibika eti kwa sababu ya msiba.

Mtandio wako wa buluu bado uko kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila mmoja wetu ameshasema atauondoa na kuuweka kabatini, na hakuna aliyeuondoa. Tukipita karibu tunaunusa. Harufu ya moshi inazidi kupungua, na hilo linatutia uchungu kuliko tunavyoweza kusema.

Tunakumbuka ulivyokuwa unacheka umeziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyeiba kitu. Tunakumbuka kwamba hukuweza kumpita mtu njiani amebeba mzigo bila kumpunguzia, hata awe mtu mliyegombana jana yake. Tunakumbuka kuku wako. Uliwapa majina ya viongozi wa kijiji, na kila ulipochinja mmoja tulijua nani amekuudhi wiki hiyo. Mwenyekiti alichinjwa mara nyingi, jamani. Na yeye mwenyewe alijua, kwa sababu kila mara ulimpelekea paja.

Hapa Santa Inés Yalaguixe wote wanajua uliishi vipi baada ya Baba kuangukiwa na msonobari. Mimi Otilia nilikuwa mdogo, mdogo wangu Leoncio bado ananyonya. Nyumba ilikuwa na deni la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kama nyumba zote: barabara, mifereji, paa la shule. Mjane asiye na mtoto mkubwa wa kiume hutafuta mwanamume wa kumtuma. Wewe ulijitanda mtandio, ukachukua koleo la Baba, ukaenda mwenyewe.

Wanaume walisimama wakikutazama. Msimamizi akaita majina mpaka akafika kwa Baba, maana jina lake halikuwa limefutwa.

"Fidencio Illescas!"

Na wewe, bila kupepesa macho, ukaitika, "Yupo!"

Walicheka siku ile. Wiki iliyofuata wakacheka kidogo, na baadaye wakazoea. Tulikua tukikusikia ukiitika kwa jina la marehemu kila Jumamosi ya kazi. Ulikuwa ukirudi nyumbani umejaa udongo unatuambia, "Baba yenu leo amechimba vizuri, ila mgongo unamuuma." Tulicheka, Mama. Hatukuwa na akili ya kukuuliza kama wako ulikuwa unauma.

Mambo yalibadilika siku ya mkutano wa bomba la maji. Mkutano mkuu ulikuwa wa wanaume, na wanawake kazi yenu ilikuwa kupeleka uji, kisha mnabaki dirishani mkisikiliza yanayoamuliwa huko ndani. Wanaume wakakubaliana bomba liwekwe karibu na uwanja wa mpira, ng'ambo ya korongo, mbali na nyumba. Katibu akaanza kuita majina ili kila mwenye nyumba aseme ndiyo au hapana. Likafika jina la Baba. Ndipo ukaitika kutoka dirishani, kama ulivyozoea.

"Yupo!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mwenyekiti akatabasamu, akasema kwa upole, "Mama Agripina, huku ndani hayupo."

"Kumbe!" ulisema. "Kwenye koleo yupo, kwenye kura hayupo."

Uliweka chini birika la uji, ukashika njia. Shoga yako Crescencia, mama yangu wa ubatizo, anasema alikukimbilia mpaka kwenye kona ya kanisa akakukuta unalia kwa hasira, unajifuta kwa pindo la mtandio. "Shoga," ulimwambia, "nimeitikia jina la mtu mwingine mpaka langu wamelisahau." Kuanzia hapo ulichotaka kilikuwa kimoja, na ulikisema kila mahali: uitwe Agripina Manzano mbele ya mkutano, uitike, uende mbele ukapige mstari wako wa chaki ubaoni kama wanavyopiga kura wengine.

Jumamosi iliyofuata wakaita, "Fidencio Illescas!" Ukanyamaza. Wakaita tena. Ukasema, "Fidencio amefariki, Mungu amrehemu. Mimi naitwa Agripina."

Msimamizi mwaka ule alikuwa baba mdogo Tiburcio, shemeji yako, mdogo wake Baba. Alikubembeleza kwanza. "Shemeji, itika tu, tuanze kazi."

"Niite nitaitika."

"Hilo jina sinalo."

"Basi ulitafute."

Ulichimba mchana kutwa kando yake, na jioni akahesabu kwamba nyumba ya Fidencio haikufika kazini. Kwetu asiyefika msaragambo analala mahabusu ya kijiji. Jumatatu mgambo wawili wakaja kukuchukua, wametazama chini kwa aibu, na mmoja wao ni wewe uliyemzalisha mama yake. Ukawaambia wangoje umalize kugeuza tortila, mikate yetu ya mahindi, zisiungue. Ukawapa nao wakala. Kisha mkaenda, wewe mbele na wao nyuma.

Ukafungwa kwa kukosa kazi ambayo mikono yako ilikuwa bado na malengelenge yake! Ulitoa mikono kwenye dirisha la mahabusu ukawaonyesha wanawake viganja. Kila aliyepita na ndoo alisimama akavitazama. Mama wa ubatizo Crescencia ndiye aliyeanza: akatua ndoo yake, akakaa chini mbele ya mlango wa mahabusu, akasema hapiki tena chakula cha msaragambo mpaka shoga yake aitwe kwa jina lake. Mwingine akakaa. Jioni walipokufungulia, uwanja ulikuwa umejaa sketi.

Mlikwenda nyumba kwa nyumba, hata kule mashamba ya kahawa ya bondeni unakofika magoti yakitetemeka. Hamkupokelewa kwa maua. Kuna aliyewafungulia mbwa. Kuna mama aliyekwambia, "Mimi mume wangu ananitosha, kura yake ndiyo yangu," ukamjibu, "Haya dada, na akishikwa na kichomi ukohoe wewe?" Akacheka mpaka akawapa viti. Wanaume nao walianza kwenda kazini na chakula walichopika wenyewe. Tulisikia tortila za don Eleuterio zilikuwa ngumu, wakazitumia kuzuia gurudumu la toroli. Ulilipenda sana hilo, ulilisimulia mpaka siku za mwisho.

Halafu Rufina, mke wa baba mdogo Tiburcio, akafariki ghafla. Wenzako walisema, "Hatupiki. Acha aone." Wewe ulikuwa umeshabeba kikaango chako cha udongo mgongoni. "Tumegoma msaragambo," uliwaambia, "hatujagoma msiba." Uliwasha moto kwenye uwanja wa mtu aliyekufunga, ukapika siku zote tisa za sala. Baadhi walikununia. Baba mdogo alikula chakula chako amekaa peke yake chini ya ukuta, na siku ya mwisho akakujia.

"Shemeji, asante. Lakini kwenye mkutano nitakupinga."

"Najua. Ongeza maharage."

Na kweli alikupinga. Njaa ya Jumamosi ilikuwa imewachosha wanaume, wakakubali hatimaye mwingie ukumbini kuzungumza. Ulisimama katikati, mdogo hivyo, mtandio umeukaza kiunoni. Mzee mmoja akasema kura ni ya aliyekitumikia kijiji. Ukamwambia, "Sawa kabisa. Aliyewahi kuchimba na mimi anyooshe mkono." Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Don Eleuterio akanyoosha, akiangalia pembeni. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka ikawa vigumu kumwona ambaye hakunyoosha.

Ndipo baba mdogo Tiburcio akasimama. Sisi tuliokuwa dirishani tulidhani atatukana.

"Shemeji, wewe uliishi naye, ukamzalia watoto, ukamzika. Mimi nimebaki na kusikia anaitwa. Kila Jumamosi nilisikia 'Fidencio Illescas', nikasikia 'yupo', na ingawa nilijua ni wewe, moyo wangu ulitulia. Mkimfuta, kaka yangu nani tena atamtaja mbele za watu?"

Hakuna aliyejua kwamba anaubeba uchungu huo, Mama. Hata wewe hukujua. Ukamwendea, ukasimama karibu naye kama mtu anayesema na mgonjwa.

"Mimi namtaja kila siku, Tiburcio. Asubuhi nikiwasha moto namtaja. Lakini lile koleo sikulishika kwa mikono yake. Nililishika kwa hii."

Walipiga kura palepale, na hoja ikapita kwa shida. Mwanamke anayebeba nyumba peke yake aitwe kwa jina lake kuanzia mkutano wa uchaguzi, baada ya Siku ya Wafu. Mwenye mume angoje. Ulitoka umefurahi nusu, kwa sababu mama wa ubatizo Crescencia, aliyekaa chini wa kwanza, ana mume, hata kama mume mwenyewe muda mwingi yuko na chupa ya meskali. Alikukumbatia akasema, "Nenda ukapige mstari. Mimi nitakuwa dirishani nikushangilie." Ulimjibu kwamba hutapumzika mpaka dirisha lile libaki la hewa tu.

Tunakumbuka miezi ile kuliko yote. Hukuwahi kusoma, hukuwahi kushika chaki. Ulipeleka uji shuleni ukarudi na kipande cha chaki ndani ya aproni, mwalimu hajui mpaka leo. Ulikuwa ukisimama mbele ya ukuta wa jikoni uliojaa masizi, unapiga mstari, unarudi nyuma, unautazama, unasonya.

Nilikwambia, "Mama, ni mstari mmoja tu, hata kuku anaweza."

"Wa kuku upinde. Wangu uwe umenyooka."

Kifua kilikuwa kimekusumbua miaka, ukisingizia pilipili. Nesi wa zahanati alisema mapafu yamechakaa kwa moshi wa jikoni. Siku ya Wafu, marehemu wetu wanaporudi kututembelea, uliweza bado kupamba meza ya Baba, ukamwekea mkate na kikombe chake. Baada ya hapo ukawa unakaa zaidi, unasimama kidogo. Ulihesabu Jumapili. Ulikuwa unajitunza, wewe ambaye hukuwahi kujitunza, unakunywa dawa zote bila ubishi. Ulitaka kufika Jumapili ile ya uchaguzi, basi.

Siku moja uliniita nikukande mgongo. Ukasema, "Otilia, wakiniita nikiwa sipo, asiniitikie mtu."

"Utakuwepo, Mama."

"Nakuuliza, umenisikia?"

"Nimekusikia."

Hukufika, Mama. Jumapili ilikuwa mlangoni kabisa. Tumeshukuru Mungu kwa mengi mwaka huu, tumesali kama ulivyotufundisha, lakini kwa hili hatujapata neno la kumshukuru. Tunasema ukweli kwa sababu wewe hukupenda mtu anayelia kwa kujificha.

Tulikuzika kando ya Baba. Kabla udongo haujakauka baba mdogo Tiburcio alisema nyumba yetu sasa iandikwe jina la mdogo wangu Leoncio, aliye Los Angeles, na kazi yake ya msaragambo atafutwe mtu wa kuifanya. Ndivyo inavyofanyika kwa walio mbali. Leoncio aliposikia kwenye simu alilia kwanza, kisha akasema, "Mimi niko huku naosha sahani za watu. Mlango wa hapo kwetu sijui hata kama bado unakwama. Aandikwe anayeufungua." Nilimwambia hilo si la kwake wala la kwangu, ni la mkutano. Nilikuwa na hofu. Niliona jina lako linaondoka na kiti chako kinarudi kwa mwanamume asiyekuwepo, kama mwanzo, kama vile hukufungwa, kama vile hukuchimba.

Sala za siku tisa zilikuwa bado zinaendelea mkutano ulipofika. Wajane waliingia ukumbini wamevaa nguo za sikukuu. Mimi nilisimama dirishani na mama wa ubatizo, kwa sababu sikuwa na jina. Katibu akaanza kuita. Kwenye orodha wewe ulikuwa wa kwanza kati ya wanawake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukufuta.

"Agripina Manzano!"

Wanaume walivua kofia. Mama, lilisikika vizuri sana. Lilitoka kwa sauti kubwa, mbele za watu wote, jina lako lenyewe, na hukuwepo kulisikia. "Yupo" ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilitaka kuisema kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikamwona baba mdogo amekaa benchi la mbele, nikamwelewa kwa mara ya kwanza. Ningeisema siku ile ungekuwepo, na mkutano ujao ungekuwepo tena, na Jumamosi zote.

"Agripina Manzano!" katibu akarudia, sasa kwa upole.

Mama wa ubatizo alinishika mkono, kisha akaniachia. Nilizunguka ukumbi, nikaingia kwa mlango.

"Hayupo," nilisema. "Mama amefariki. Mimi ni Otilia Illescas Manzano, ndiye niliyebaki kuibeba nyumba yake peke yangu. Jana nilikuwa kwenye msaragambo na mliniona. Mimi nipo."

Katibu akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama baba mdogo Tiburcio, mkubwa wa ukoo wetu. Yeye alikuwa anaizungusha kofia magotini. Nikajisemea, sasa anamtaja Leoncio.

"Andika," akasema.

"Nimwandike nani, don Tiburcio?"

"Si aliyeitika! Andika, mwanaume, unangoja mvua inyeshe?"

Nilipopita karibu yake kwenda ubaoni alinishika kiwiko. "Mimi kwa kaka yangu sikuweza kusema 'hayupo'," aliniambia. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Nilitoa kipande chako cha chaki kwenye aproni, nikapiga mstari. Ulipinda, Mama. Utanisamehe. Nyuma yangu nilisikia makofi ya mtu mmoja kutoka dirishani, na kila mtu alijua ni ya nani.

Ukuta wa jikoni hatujaupaka chokaa. Mistari yako yote ipo, kuanzia ile iliyolala upande mpaka ile ya mwisho karibu na dirisha, ambayo tumeipima kwa uzi na imenyooka sawasawa. Siku ya Wafu mwaka huu ulikuja mgeni kwa mara yako ya kwanza. Tulikuwekea maua ya manjano njia nzima kutoka barabarani usipotee, tukakuwekea uji, mkate, na kile kipande cha chaki kilichobaki. Baba mdogo Tiburcio alikuja mapema na mshumaa. Alikaa mbele ya picha yako na ya Baba, akawaita wote wawili kwa majina, polepole, kisha akaomba kahawa.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi asubuhi, na baada yake tutaupeleka msalaba mpya kaburini. Wote waliokupenda wanakaribishwa nyumbani kula. Mwenyekiti ameshachinjwa, na mwenyekiti mwenyewe tumemtengea paja. Siku inayofuata ni mkutano mkuu, na ombi la wanawake wenye waume limewekwa la kwanza. Mama wa ubatizo Crescencia amesema hataki tena kushangilia kutoka nje. Tutaingia naye tumeshikana mikono.

Unakumbukwa na sisi watoto wako, Otilia na Leoncio. Na mjukuu wako, binti yangu Maricela, anayewalisha kuku na ameanza kuwapa majina mwenyewe. Na shemeji yako Tiburcio Illescas. Na shoga yako Crescencia. Na wanawake wote wa Santa Inés Yalaguixe, walio ndani ya ukumbi na walio bado dirishani.

Pumzika na Baba, Mama. Hatukuitikii, kama ulivyotuagiza. Lakini kila tutakapoitwa majina yetu, tutakukumbuka wewe.